Bakteria Elfu Moja, Laptopu Moja

Leo naacha kidogo mambo ya hifadhidata, tuzungumze kuhusu bakteria. Msishangae, kuprogramu ni kule kule.

Mimi naishi Mai Mahiu. Tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiwa na tuta la reli kule Old Kijabe yalipenya kwa kishindo yakaua makumi ya watu. Mafuriko yakichanganya vyoo na visima, hofu inayofuata huwa ni kipindupindu. Mgonjwa akipatikana, kuna swali ambalo darubini haiwezi kulijibu: bakteria huyu ametoka kwa jirani au ameletwa na msafiri wa mbali? Akiwa wa jirani, mnakimbilia kisima. Akiwa wa mbali, mnatazama barabara, na hapa kwetu malori hayalali.

Jibu limo katika jenomu, yaani maandishi yote ya DNA. Jenomu ya kipindupindu ina herufi kama milioni 4. Mwaka 2017 watafiti walichapisha uchambuzi wa jenomu 1,070, wakigusa nchi 45 za Afrika, wakaonyesha kwamba mkurupuko wa saba wa dunia umeingia barani angalau mara 11 tangu 1970.

Sasa piga hesabu. Jenomu 1,070 zinazaa jozi 571,915. Ukilinganisha kila jozi herufi kwa herufi, laptopu yako itakesha.

Hapa ndipo inapoingia Mash, programu huria iliyotolewa na Brian Ondov, Adam Phillippy na wenzao mwaka 2016. Hukata jenomu katika vipande vya herufi 21, hukipa kila kipande nambari kwa kanuni moja, kisha huweka nambari 1,000 zilizo ndogo zaidi. Kwa nini ndogo? Tukichota kiholela kutoka magunia mawili yanayofanana, wewe utapata viazi nami karoti, tudhani magunia ni tofauti. Kanuni ikiwa moja, tunachota sawa. Ujanja huu unaitwa MinHash. Andrei Broder aliueleza mwaka 1997, wakati AltaVista ilipohitaji kutambua kurasa za mtandao zinazofanana. Kwa njia hiyo Mash ilipanga jenomu 54,118 kwa saa 33 za prosesa.

Lakini tusidanganyane. Kipindupindu cha jirani na cha mbali huenda vikatofautiana kwa herufi chache tu kati ya hizo milioni 4, na sampuli ya nambari 1,000 inaweza kuzikosa zote. Mash inapunguza rundo: hii ni bakteria gani, na jamaa zake wa karibu ni akina nani. Baada ya hapo programu kama Snippy hutafuta herufi zilizobadilika, moja moja, ndipo mti wa ukoo uchorwe. Ukiruka hatua hiyo ya pili, unaweza kufunga kisima kisicho na hatia.

Zote mbili ni za bure na zinaendeshwa kwenye Linux. Wenye laptopu, kazi kwenu. Tuonane wiki ijayo.