Haba na Haba

Tangi langu la samaki wa baharini, hapa Mombasa, hubeba lita 100. Kwa joto letu maji hupungua kila siku. Chumvi haiondoki, kwa hiyo huongezwa maji matamu. Nikafunga pampu ndogo yenye boya: maji yakishuka, huwaka, yakipanda, huzimika.

Asubuhi ya kwanza nikakuta sakafu imelowa na ndoo ya lita 20 tupu. Kipimo cha chumvi, badala ya 1.025, kilisoma 1.021. Kiti cha pweza kilikuwa kimelegea. Nikamkaripia mwanangu kwamba amechezea boya.

Usiku uliofuata, yeye akiwa kwa bibi yake, maji yakafurika tena. Ndipo nilipoketi kutazama. Pampu ilizimika sawasawa, lakini maji hayakukoma: ndoo niliiweka juu ya kabati, na mpira uliendelea kuyavuta wenyewe. Nikaishusha ndoo chini ya tangi, nikauinua mdomo wa mpira juu ya maji yasirudi nyuma.

Chumvi niliirudisha polepole, kwa siku tatu. Kiti cha pweza hakikupona. Mwanangu aliporudi, nilimwomba radhi kabla hajavua viatu.