Kutunga na Kutunza: Msonobari wa Hiroshima mjini Washington

Mhakiki wa fasihi amezoea kukutana na kazi iliyokwisha. Riwaya ina ukurasa wake wa mwisho, shairi lina ubeti wake wa tamati, na jina la mtunzi limechapishwa juu ya jalada. Hata pale ambapo mtunzi hajulikani, kama ilivyo katika ngano na nyimbo nyingi za jadi, mhakiki huwa na matini mbele yake, nayo hutulia kwa muda wa kutosha kuchambuliwa. Sanaa ya bonsai haimpi raha hiyo. Kazi yenyewe ni mti ulio hai. Mti huo hauna tamati isipokuwa kufa kwake, na aliyeuanza aghalabu alifariki kabla ya mtazamaji wa leo kuzaliwa. Ikiwa bonsai ni kazi ya sanaa, basi ni kazi ya nani?

Swali hili lina uzito wa pekee katika Makumbusho ya Taifa ya Bonsai na Penjing, yaliyomo ndani ya Bustani ya Taifa ya Miti mjini Washington, Marekani. Mkusanyo huo ulianza kwa zawadi. Mwaka 1976, Marekani ilipoadhimisha miaka 200 ya uhuru wake, Japani iliitunukia bonsai 53. Miti hiyo ilikuwa imesafirishwa kwa ndege mwaka uliotangulia na kuwekwa katika karantini huko Maryland, ndipo ikaonyeshwa hadharani. Baadaye makumbusho yalipanuka, na kazi za Kichina pamoja na zile za wasanii wa Amerika Kaskazini zikapata mabanda yao. Umma huingia bila kulipa kiingilio. Miongoni mwa walioingia ni mwalimu mmoja wa fasihi kutoka Kenya, aliyekuwa mjini humo kwa shughuli za utafiti, na ambaye alidhani angetumia nusu saa tu katika bustani hiyo.

Neno bonsai ni la Kijapani, na maana yake ni kilichopandwa katika chungu kipana kisicho na kina. Asili ya sanaa hiyo ni China, ambako huitwa penjing, yaani mandhari katika chombo. Mchoro wa ukutani katika kaburi la mwana wa mfalme Zhanghuai, wa mwanzoni mwa karne ya 8, unamwonyesha mtumishi amebeba chombo chenye mawe na mimea midogo. Wengi hudhani kwamba mti wa bonsai ni wa mbegu ya kibete. Sivyo. Mbegu yake ikipandwa shambani huota mti wa kimo cha kawaida. Udogo wa bonsai ni tokeo la mikono ya watu. Mizizi hupunguzwa kila baada ya miaka kadhaa, mti unapotiwa udongo mpya. Machipukizi hukatwa yangali laini. Matawi huzungushiwa waya wa shaba au wa alumini, yakaelekezwa yanakotakiwa, kisha waya huo huondolewa kabla haujauma gome. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Bonsai inaikubali methali hiyo nusu tu. Mti hukunjwa ungali mche, lakini huendelea kukunjwa ukiwa na miaka 100 au 200, kwa kuwa kila msimu wa kuchipua huleta ukaidi mpya.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hatakosa kuitambua arudhi katika haya. Mizani nane za kipande cha utenzi hazimfungi mtunzi kinywa. Humlazimu kulitafuta neno ambalo asingelitafuta lau angekuwa na uwanja mpana. Chungu nacho ni mpaka wa namna hiyo. Aidha, bonsai ina uso na kisogo: hupangwa itazamwe kutoka mbele, na kilele chake huinamishwa kidogo kumwelekea mtazamaji, mithili ya mtu anayetoa heshima. Nafasi tupu baina ya matawi zimepimwa kama vituo vya mshairi. Tawi lililokufa halifichwi wala halikatwi daima. Mara nyingi huchunwa gome, likaachwa jeupe, na ufu wake ukawa sehemu ya maana ya mti. Hata hivyo, mlinganisho huu una kikomo. Ubeti ukishaandikwa haukui usiku mtunzi akiwa amelala. Mti hukua. Umbo lililopatikana mwaka huu litapotea mwaka ujao asipokuwepo wa kulirejesha.

Katika mkusanyo wa Kijapani umo msonobari mweupe uliotolewa na Masaru Yamaki, bingwa wa bonsai wa Hiroshima. Shina lake ni nene na lenye mikunjo mizito, na majani yake mafupi kama sindano yametanda juu mfano wa mwavuli. Kumbukumbu za makumbusho zinasema kwamba umelelewa chunguni tangu mwaka 1625. Kwa robo karne baada ya kufika Washington, ulikuwa mti mmoja wa heshima miongoni mwa mingine. Kisha, mwaka 2001, vijana wawili walifika bila taarifa kuutafuta. Walikuwa wajukuu wa Yamaki, nao walikuwa wameusikia mti huo ukitajwa nyumbani tangu utotoni. Simulizi yao ndiyo iliyowafunulia watunzaji kile walichokuwa wakikimwagilia maji.

Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, bomu la atomiki lilipolipuka juu ya Hiroshima, nyumba na kitalu cha Yamaki vilikuwa umbali wa kilomita 3 hivi. Vioo vya madirisha vilipasuka na vipande vyake vikawarukia waliokuwa ndani, lakini familia iliokoka ikiwa na majeraha madogo. Bonsai zilikuwa nje, na ukuta uliozunguka kitalu ndio uliozikinga. Makumi ya maelfu ya watu wa mji huo waliangamia. Baada ya miaka 31, mwenye kitalu aliutoa msonobari uliokuwa umelelewa na vizazi kadhaa vya ukoo wake, ukaenda kwa taifa lililoliangusha bomu lile, na kisa chake hakikuandamana nao.

Kwa mhakiki, hapa pana mtego. Mwalimu aliyetajwa ni wa kundi linaloshikilia kwamba kazi ya sanaa ijisimamie. Huwakataza wanafunzi wake kuanza uhakiki kwa wasifu wa mwandishi. Mbele ya msonobari alianza kwa utaratibu huohuo. Aliona uzito wa shina, aliona jinsi mizizi ilivyoshika udongo, aliona utulivu wa tanda la majani. Ndipo akasoma habari za Hiroshima. Hakuna jani lililokuwa limebadilika, na bado hakuweza kuurudia usomaji wake wa kwanza. Utulivu aliouona sasa ulikuwa utulivu wa aliyenusurika.

Je, usomaji huo wa pili una haki? Ni rahisi mno kuitafuta alama ya bomu katika mikunjo ya shina, na kudai kwamba mti umepinda kwa maumivu. Dai hilo halina msingi. Mikunjo ile ni kazi ya waya, ya makasi na ya miaka, na ukuta ndio uliopokea kishindo. Anayesoma historia katika umbo la mti huu anasoma asichoandikiwa. Anayekataa historia kabisa naye anakabiliwa na tatizo jingine, kwani msonobari huu haukufika Washington kwa nguvu za umbo lake. Ulifika kwa sababu mtu mmoja, mwenye kumbukumbu fulani, alikubali kuutoa. Pande zote mbili za mjadala zinaukosa mti kwa sababu moja: kila upande unauchukulia kama kitu kilichokamilika, ama katika umbo lake, ama katika nia ya mwenyewe.

Kiswahili kina maneno mawili yanayoweza kusaidia hapa. Mtunzi ni yule anayetunga, na kwa sikio hayuko mbali na mtunzaji, yule anayetunza. Katika fasihi andishi wawili hawa wametenganishwa. Mmoja huheshimiwa katika mihadhara, mwingine husahauliwa katika maktaba. Katika bonsai hawatenganiki. Anayekata chipukizi leo anatunga, na anayemwaga maji anaitunga kesho ya mti. Chungu kisicho na kina hakina akiba ya unyevu, na siku chache za jua kali bila maji zinatosha kuua kilichodumu karne nne. Hivyo basi, kumpa mtu bonsai kongwe ni kumkabidhi utunzi wenyewe, pamoja na uwezo wa kuuangamiza kwa uzembe tu. Lolote alilokusudia Yamaki moyoni, tendo lake lilikuwa na maana hiyo. Uhai wa mti uliookoka Hiroshima uliwekwa mikononi mwa Wamarekani, na mikono hiyo iliutunza kwa miaka 25 pasipo kujua. Hadithi ilipofika mwaka 2001, upatanisho ambao watu wengi wanaupenda kuusoma katika zawadi hii ulikuwa umekwisha kutendeka, siku baada ya siku, kwa ndoo na mpira wa maji.

Fasihi ya Japani yenyewe imelifikiria jambo hili. Katika tamthilia ya Noh iitwayo Hachi no ki, yaani miti ya chunguni, mtawa msafiri anakwama katika theluji na kubisha katika nyumba ya shujaa aliyefilisika, Sano Genzaemon Tsuneyo. Mwenyeji hana kuni. Alichobakiwa nacho cha thamani ni miti mitatu ya chunguni: mplamu, mcheri na msonobari. Anaikata na kuiwasha ili mgeni apate joto. Mtawa yule alikuwa Hojo Tokiyori, aliyekuwa mtawala, na baadaye anamzawadia mwenyeji wake mashamba matatu ambayo majina yake yamebeba plamu, cheri na msonobari. Mtu anaweza kuisoma tamthilia hii kama kisa cha wema kulipwa. Yapo mengine ndani yake. Tsuneyo anaunguza miti bila kujua mgeni ni nani, na thamani ya tendo lake imo katika kutojua huko. Angalijua, lingekuwa biashara. Wale waliomwagilia msonobari wa Yamaki kabla ya mwaka 2001 nao walikuwa wenyeji wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba Tsuneyo alimhifadhi mgeni kwa kuiteketeza miti, ilhali wao walimhifadhi mgeni aliye mti.

Kazi nyingine katika makumbusho hayo inaonyesha utunzi huu unavyopanuka. Ni msitu mdogo wa mitarakwa 11 katika chungu kimoja, uitwao Goshin, yaani mlinzi wa roho. Mitarakwa hiyo ni ya jenasi moja na mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya, ingawa si spishi ileile. Mtunzi wake, John Naka, alizaliwa Colorado mwaka 1914, akakulia Japani, akarejea Marekani mwaka 1935. Miti ya kwanza ya Goshin aliianza mwaka 1948, na hatimaye msitu ukafikia miti 11, mmoja kwa kila mjukuu wake. Aliutoa kwa umma mwaka 1984, akafariki mwaka 2004, na msitu ungali unapogolewa. Hapa mtunzi anajulikana kwa jina na kwa tarehe, na bado jibu la swali la mwenye kazi halikamiliki kwa kumtaja yeye peke yake.

Mtaalamu wa ushairi wa Kiswahili hana sababu ya kulishangaa jambo hili. Tenzi kongwe za pwani zimefika kwa sababu wanakili waliziandika tena na tena, karatasi ya awali ilipokwisha kuliwa na mchwa na unyevu. Muhammad Kijuma wa Lamu alikuwa mshairi, na alikuwa pia mnakili ambaye kalamu yake imehifadhi tungo za wengine. Mwalimu yule naye ana daftari la mashairi ya marehemu babake. Wino umefifia katika beti kadhaa, na kwa miaka alikuwa akisitasita: ajaze maneno yaliyopotea kwa kufuata vina, au aliache daftari kama lilivyo, lizidi kufifia? Tawi jeupe la bonsai lilimpa kanuni aliyoikosa. Kilichokufa kiachwe kionekane kuwa kimekufa, na kilicho hai kiendelee kulishwa. Aliporejea alinakili daftari zima kwa mkono wake. Penye pengo aliacha pengo, na nakala akawagawia wapwa zake ambao hawakuwahi kumwona babu yao.

Kanuni hiyo haitamaliza mjadala wa wahakiki kuhusu matini na mtunzi, wala haihitaji kuumaliza. Inaongeza mtu wa tatu ambaye mjadala huo umezoea kumruka: yule anayeipokea kazi kabla hajaielewa, na kuifanya idumu hadi ieleweke. Msonobari wa Yamaki ungali hai, na maelezo yake sasa yanaitaja Hiroshima. Mtu akiuliza ni kazi ya nani, jibu ni orodha ya majina, mengi yakiwa hayakuandikwa popote, nayo bado haijafungwa.