Mama Aliyejifungia Ndani ya Mti (Sehemu ya 6)

Wiki iliyopita tuliongea kuhusu usingizi wa mtoto. Leo naomba tutoke nje ya nyumba. Twende tukaangalie ndege.

Najua umecheka. Hata mimi nilidhani ni mambo ya watalii wenye darubini shingoni. Ngoja nikueleze ilivyoanza.

Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, nililia. Si siku moja wala mbili. Nilikuwa nalia bafuni, nimefungulia maji ili mtu asisikie. Mimi nesi, ninayewaambia wazazi wodini "ukijisikia vibaya sema," nikaona aibu kusema. Mwezi wa pili ndiyo nikamwambia nesi mwenzangu, naye akanishika mkono hadi kwa daktari. Nikatibiwa. Pamoja na matibabu nikaambiwa nitoke nje kila siku, nitembee hata kidogo.

Sisi tunakaa upande wa Arusha, kwa hiyo nikaanza na Ziwa Duluti, pale Tengeru. Unapanda daladala za barabara ya Moshi, ukishuka Tengeru ziwa haliko mbali. Ni ziwa dogo lililokaa ndani ya shimo la volkano ya zamani, limezungukwa na msitu wa hifadhi, na kuna njia ya mguu. Kiingilio kipo, uliza kabla hujatoka nyumbani. Nilimfunga mtoto mgongoni kwa kanga, nikaingia kwenye kivuli cha miti, nikakaa. Nilimwona mnandi amesimama kwenye gogo ametandaza mabawa yakauke, kama mtu aliyeanika nguo. Nikamwona mdiria akijitupa majini na kutoka na samaki. Kwa nusu saa nzima sikufikiria nepi.

Nikawa nakwenda kila nikipata nafasi. Jumamosi moja nikaenda na baba watoto. Mzee anayetembeza wageni akatuonyesha tundu juu ya mti mkubwa, limezibwa kwa udongo, umebaki mwanya mwembamba tu. Akasema tusubiri. Baada ya muda tukasikia mabawa yanavuma, akatua hondohondo dume, yule mkubwa mweusi na mweupe mwenye pembe juu ya mdomo. Akaanza kutoa matunda kooni, moja moja, na kuyapitisha kwenye ule mwanya. Ndani palikuwa na mke wake.

Hivi ndivyo wanavyozaa. Jike anaingia kwenye tundu la mti, mlango unazibwa kwa udongo anaoletewa na dume, anataga na kuatamia humo. Anakaa zaidi ya miezi mitatu. Muda wote huo anakula anacholetewa. Dume akiacha kuja, mama na mtoto wako hatarini.

Mume wangu alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo huyu jamaa hachoki?"

Nikamjibu, "Labda anachoka. Lakini anajua yule mle ndani hawezi kutoka."

Hakusema kitu. Tulipotoka, soko la Tengeru lilikuwa limechangamka, akanunua ndizi za mtori na nyama. Ule mtori uliungua chini, jamani, lakini niliumaliza wote.

Mama, kama umejifungua juzi na unajisikia umefungiwa, wewe si mvivu na wala hujarogwa. Machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi na hupungua. Yakizidi wiki mbili, au ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri hata kesho. Nenda kituo cha afya. Ndege hawatibu ugonjwa huo. Na wewe baba, mama mkwe, jirani: ule mwanya ndiyo kazi yenu. Pelekeni chakula, shikeni mtoto ili mama alale.

Ukishapata nguvu kidogo, na mfuko ukiruhusu, nenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Huko kuna maziwa ya Momela, maji yake ya magadi yana rangi tofauti ziwa hadi ziwa, na flamingo wanasimama humo kwa mguu mmoja. Waambie watoto kwamba kinda wa flamingo huanza na rangi ya kijivu. Ule waridi unatokana na chakula anachokula. Kwangu somo hili limesaidia mchicha kuliwa! Msituni utaona mbega na ndege wengi. Chukua sweta, asubuhi pana baridi. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio.

Mkiwa na siku nzima, nendeni Ziwa Manyara. Ukiingia tu getini unakutana na msitu mrefu unaonyweshwa na chemchemi zinazotoka chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na hondohondo wamejaa humo. Mbele kidogo ndiyo ziwa, pana mwari, korongo na flamingo. Mji wa jirani unaitwa Mto wa Mbu, na jina hilo si utani. Mkilala huko, chandarua ni lazima.

Neno la nesi kabla sijafunga: nendeni asubuhi mapema, ndege wanachangamka na jua halijamchoma mtoto. Mtoto asichezee maji ya pembeni mwa ziwa, kichocho hupatikana kwenye maji baridi yenye konokono. Mkikuta ndege amekufa, msimguse, mwambieni mhifadhi. Kunyonyesha? Nyonyesha palepale chini ya mti, hakuna ndege atakayekushangaa.

Na kama leo huna hata nauli, kaa mlangoni na mtoto, mhesabu ndege watano. Kesho niambie umeona nani.

Sehemu ya 7 tutaongea kuhusu kuanza uji. Lala salama, mama.