Kabla ya Kumchapa Mtoto, Tuulize Khabari za Koo Lake



Leo twapenda kuzungumza juu ya maradhi yanayoanza kooni na kuonekana katika tabia. Kwa kuwa yaonekana katika tabia, watu wengi hawayadhani kuwa ni maradhi. Huyaita jeuri, au utundu, au pepo. Na kwa kuwa koo lenyewe huwa limekwisha pona zamani, hakuna anayelikumbuka. Hapo katikati ndipo mtoto anapopotea.

Sisi tunaosomesha watoto hapa Ujiji twamjua mtoto kwa mwandiko wake na kwa kisomo chake, kama mama anavyomjua wake kwa sauti ya hatua zake. Alikuwako katika chuo chetu mtoto wa kike wa miaka tisa, mpole, mwenye mwandiko ulionyooka. Katika muda wa wiki mbili mwandiko ule ukavurugika, herufi zikapanda na kushuka. Kalamu ikamponyoka mkononi. Akibeba birika la kutawadhia, maji yakamwagika. Uso ukawa wajikunja wenyewe katikati ya kisomo, na wenzake wakacheka wakidhani awafanyia mzaha. Alikuwa akicheka na kulia bila ya sababu. Nyumbani wakasema ana kiburi; jirani akasema ana pepo. Tukamwambia bibi yake: mtoto huyu hakubadilika tabia, amebadilika mwili, twende hospitali.

Daktari alimwambia atoe ulimi autulize nje; hakuweza, ulimi ulikuwa ukirudi ndani mara kwa mara. Akamwambia amkamate vidole akaze; mkono ukawa wakaza na kulegea kama wa mtu anayekama ng'ombe. Kisha akasikiliza moyo kwa muda mrefu, akamgeukia bibi na kumwuliza: katika miezi iliyopita, mtoto huyu aliumwa koo? Bibi akafikiri, akasema: ndiyo, kabla ya Ramadhani alishikwa na mafindofindo, tukamsukutulisha maji ya chumvi, akapona. Kwa jibu lile mlango wa maradhi ukafunguka. Moyo wake ulikuwa umekwisha guswa.

Wadudu waletao maradhi haya waitwa streptokoki. Hupita kwa mate na kikohozi kutoka mtoto hata mtoto, na hustawi pale watu wanapobanana. Nasi twazijua nyumba zetu, toka Kibirizi mpaka Ujiji: baba yumo ziwani usiku wa giza akivua dagaa kwa taa, na nyuma watoto watano wamelala mkeka mmoja, na dirisha limefungwa. Akiugua mmoja, wa pili hayuko mbali.

Mwenyezi Mungu ametia katika miili yetu askari wa kupigana na wadudu. Lakini kwa baadhi ya watoto, askari hao, wakiisha kupigana, hukosea: huziona nyama za mwili wenyewe kuwa ni adui, kwa kuwa zafanana na mdudu yule. Wakishambulia maungio, magoti huvimba na kuuma. Wakishambulia moyo, vilango vyake huharibika. Wakishambulia ndani ya ubongo, pale panapoongozwa mwendo wa mikono na miguu, mtoto hutapatapa bila ya kutaka. Kutapatapa huko kulielezwa na tabibu wa Kiingereza Thomas Sydenham mwaka 1686, na hata leo huitwa korea ya Sydenham, jina lisilohusiana na nchi ya Korea. Huwapata khasa watoto wa miaka 5 mpaka 15, na wasichana zaidi ya wavulana.

Tena kuna jambo la pili, nalo lafaa kujulikana katika nyumba za Waislamu. Mwaka 1998 daktari wa Marekani, Susan Swedo, pamoja na wenzake, walieleza khabari za watoto 50 ambao maradhi yao ya wasiwasi na ya kukonyezakonyeza yalianza au kuzidi ghafula pamoja na maradhi ya koo. Hali hiyo wakaiita PANDAS, na madaktari wangali wakijadiliana juu ya mipaka yake. Kwetu sisi wasiwasi wa namna hiyo huenda ukaonekana wapi, ila katika udhu na Sala? Mtoto aliyekuwa akitawadha kwa kopo moja, sasa amaliza ndoo nzima. Arejea takbiri mara kumi. Alia akizuiwa asianze tena. Mzazi mmoja hufurahi akidhani ni uchaji, mwingine hukasirika akidhani ni ukaidi. Likija jambo hili ghafula, kwa siku mbili tatu, kwa mtoto ambaye hakuwa hivyo, si uchaji wala ukaidi. Apelekwe kwa daktari.

Sasa, maradhi haya yatambulikanaje? Hakuna kipimo kimoja cha damu kisemacho ndiyo au siyo. Kutapatapa kwaweza kuanza hata miezi sita baada ya koo kupona, na alama za mdudu katika damu huenda zikawa zimekwisha pungua. Daktari atapima damu, atauangalia moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na atatenga magonjwa mengine yafananayo, kama kifafa. Kutenga yanayofanana ni elimu kongwe kwetu: Abu Bakr ar-Razi, tabibu wa Kiislamu aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10, ndiye aliyesifika kwa kutenganisha ndui na surua.

Lakini sehemu kubwa ya ushahidi haimo katika mashine, imo nyumbani na chuoni. Ni kumbukumbu ya mama, ya bibi na ya mwalimu. Basi tukimpeleka mtoto, tuwe na majibu: Alikuwaje kabla? Jambo lilianza siku gani? Katika miezi sita aliumwa koo, au homa, au magoti? Akilala usingizi, mwili hutulia? Kwani korea kwa kawaida hutulia mtoto akilala. Na tuchukue madaftari yake mawili, la zamani na la sasa, tuyaweke mbele ya daktari. Mwandiko hausahau.

Wapo watakaosema: jee, mwakanusha majini? Hatukanushi, khabari zao zimo katika Qur'ani. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alituamrisha pia kutafuta dawa, na kisomo cha Qur'ani hakikuzuia hospitali hata siku moja. Msomeeni mtoto, na mkono wa pili umpeleke kwa daktari. Wala msimkate kimeo. Kukata kimeo hakuondoi streptokoki, na kwaweza kuleta kutoka damu nyingi na donda baya.

Korea yenyewe mara nyingi huisha baada ya miezi kadhaa, na hapo wazazi husema: amepona, basi. Khatari kubwa ndiyo hiyo. Koo likirudi kuumwa, moyo hupigwa tena. Kinga yake ni sindano ya penisilini, kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, mpaka daktari aseme imetosha. Kaskazini ya Uganda ulifanywa uchunguzi wa watoto na vijana 818 ambao mioyo yao ilikuwa imeanza kuharibika bila ya dalili, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Baada ya miaka miwili, waliochomwa sindano kila wiki nne, asilimia 0.8 tu ndio waliozidi kuharibika. Wasiochomwa, asilimia 8.2. Sindano yauma, na njia ya hospitali ni ndefu, twajua. Lakini kilango cha moyo kikiisha haribika kabisa, safari ni ya kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, kupasuliwa.

Bora zaidi ni kuziba mlango wa kwanza. Maumivu mengi ya koo huisha yenyewe wala hayataki penisilini. Lakini mtoto mwenye homa, koo jekundu au lenye usaha, tezi za shingo zimevimba, wala hana kikohozi wala mafua, apelekwe zahanati upesi. Dawa ikianza kabla ya siku tisa, yaweza kuuzuia ubaya wote tulioueleza. Na dozi imalizwe, hata kama mtoto ameanza kucheza.

Kwa walimu wenzetu twasema: kiboko hakinyooshi mkono unaotapatapa. Mtoto asiyebaleghe hajaandikiwa dhambi kwa anachofanya kwa kusudi. Itakuwaje kwa asichokikusudia? Tuangalie kwanza, tuulize, ndipo tuhukumu.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awape wagonjwa shifaa, na atupe sisi macho ya kuona na subira ya kuuliza. Amin.