Kiitikio

Watu wengi wakiulizwa ni kitu gani kinachoifanya bendi ya muziki wa roki iwe kubwa na idumu, hujibu upesi kwamba ni sauti ya mwimbaji. Wengine husema ni gitaa, na wengine husema ni fedha za kampuni za santuri. Mimi nimeupenda muziki huo tangu ujana wangu, nami nimewahi kupiga gitaa katika bendi ndogo ya dansi pale Tanga, bendi ambayo haikutimiza miaka minne. Kwa hiyo suala hili kwangu si la kupitishia jioni barazani. Nataka kujua kwa nini wenzetu walidumu na sisi tukafa.

Mfano wangu ni Queen ya Uingereza. Najua msomaji wa Pwani atatabasamu, akidhani nimeichagua kwa sababu mwimbaji wake, Freddie Mercury, ni mzaliwa wa Unguja. Ni kweli alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi iliyohamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Lakini alipelekwa shule India angali mdogo, na roki hakujifunza kwetu. Tusijipe sifa zisizo zetu. Nimeichagua Queen kwa sababu ndiyo bendi inayonionyesha wazi kuliko zote jinsi wanamuziki wanavyoweza kumpa msikilizaji kazi ya kufanya.

Mwaka 1977 walikuwa wamepiga katika ukumbi wa Bingley Hall, mjini Stafford. Walipoondoka jukwaani watu hawakutawanyika, bali walianza kuimba wenyewe, wimbo ambao mashabiki wa kandanda huuimba viwanjani. Jambo hilo lilimkaa moyoni mpiga gitaa, Brian May. Akajiuliza: watu waliobanana namna ile, wasio na hata nafasi ya kugeuka, wanaweza kufanya nini kwa pamoja? Wanaweza kukanyaga chini, wanaweza kupiga makofi, na wanaweza kuimba. Kutokana na wazo hilo akatunga "We Will Rock You". Vishindo viwili na kofi moja, kimya kidogo, halafu tena. Dramu hazimo kabisa. Vishindo vile walivirekodi kwa kukanyaga mbao, wakavirudiarudia juu ya vingine hata vikasikika kama vya umati. Gitaa lenyewe haliingii kwa nguvu zake mpaka karibu na mwisho.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Huyu ni fundi ambaye gitaa lake alilitengeneza kwa mikono yake akisaidiwa na baba yake, na shingo yake wakaichonga kwa mbao za sehemu ya zamani ya kuotea moto. Mtu kama huyo angetarajiwa autumie kila wimbo kuonyesha ufundi wake. Badala yake anatunga wimbo ambao gitaa hilo linangoja mlangoni kama mgeni, na nafasi anampa mtu asiyejua kupiga chombo chochote. Sisi tuliokulia katika ngoma hatuhitaji kufundishwa hili. Manju akiimba na waitikiaji wakakaa kimya, hapo hapana ngoma.

Jambo hilo lilionekana dunia nzima tarehe 13 Julai 1985, katika onyesho la Live Aid, uwanja wa Wembley. Queen walipewa dakika kama 20 tu, na kabla ya siku hiyo walikuwa wamejifungia kufanya mazoezi ili wasipoteze hata moja. Walipopiga "Radio Ga Ga", watu wapatao 72,000 walinyanyua mikono na kupiga makofi pamoja, mchana kweupe, bila taa wala moshi wa kuwasaidia. Halafu Mercury akaimba sauti zisizo na maneno, akanyamaza, na umati ukamrudishia. Akaongeza ugumu, wakamfuata. Wengi husema hapo alionyesha ukubwa wa sauti yake. Mimi huisikiliza zaidi ile sauti ya pili, ya watu ambao wengi wao hawakuwa wamenunua tiketi kwa ajili ya Queen peke yao.

Msomaji makini atanipinga kwa "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975. Wimbo ule una karibu dakika 6, hauna kiitikio, na sehemu yake ya katikati imejengwa kwa sauti nyingi zilizorekodiwa moja juu ya nyingine, hata wenyewe hawakuweza kuipiga jukwaani. Walikuwa wakiondoka na kuacha kanda ipigwe. Hata hivyo uliongoza chati za Uingereza kwa majuma 9, na ukaongoza tena mwaka 1991 baada ya kifo cha Mercury. Pingamizi hilo nalikubali nusu. Nusu nyingine ni kwamba nimewaona watu wakiwa ndani ya gari wakigawana sehemu zile, huyu ya juu, huyu ya chini, bila aliyewapanga. Mahali ambapo bendi iliondoka, wasikilizaji waliingia.

Nisieleweke kwamba nawafanya malaika. Mwaka 1984 walikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, wakati wanamuziki walikuwa wameombwa wasiende. Kwetu sisi wa nchi za mstari wa mbele hilo lilikuwa chungu, na binafsi sijalisahau.

Lakini kumpa msikilizaji nafasi hakutoshi kama wenyewe kwa wenyewe hawapeani. Kila mmoja wa wale wanne alitunga wimbo uliopendwa sana. "Another One Bites the Dust", uliofika kileleni Marekani mwaka 1980, ni wa John Deacon, mpiga besi aliyekuwa mkimya kuliko wote. "Radio Ga Ga" ni wa Roger Taylor, mpiga dramu. Ugomvi ulikuwapo, tena wa fedha. Santuri ya "Bohemian Rhapsody" ilikuwa na wimbo wa Taylor upande wa pili, na kwa kuwa mnunuzi hununua pande zote mbili, aliyetunga upande wa pili alipata sawasawa na aliyetunga wa kwanza. Hilo lilileta manung'uniko ya miaka. Mwishowe, katika albamu ya The Miracle ya mwaka 1989, waliamua nyimbo zote ziandikwe jina la Queen, bila kutaja nani katunga nini. Wakati huo Mercury alikuwa tayari mgonjwa. Kwangu uamuzi ule mdogo wa karani una uzito kuliko santuri nyingi za dhahabu.

Nasema hivyo kwa sababu bendi yetu ilifia hapo hapo. Tulikuwa saba. Tulikuwa na wimbo mmoja uliopendwa, na kilichopendwa ndani yake ni kiitikio cha mistari miwili kilichozuka mazoezini, mmoja akianza na mwingine akimalizia. Redio ilipoupiga, mwimbaji wetu alijiandikisha kuwa mtunzi peke yake. Mdogo wangu, aliyekuwa mpiga tumba, alidai mstari wa pili ni wake. Pakawa na vikao, pakawa na wazee wa kusuluhisha, na mwisho vyombo vikagawanywa kama mali ya marehemu. Mdogo wangu hakugusa tumba tena. Ana duka la nyavu na kamba karibu na bandari.

Kiitikio kile hadi leo huimbwa harusini, na akina mama hukiongezea maneno yao. Mwaka jana nilikisikia uchochoroni nikiwa naye. Nilimtazama kuona kama atasema neno. Alihamishia mfuko wa samaki mkono wa pili, na vidole vya ule mkono uliobaki huru vikaanza kupiga pajani.