Kwa Nini Nilikwenda Dodoma

Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006, meza ya mama ya kuuzia mchele iliteketea. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa, nami nikapata nafasi. Moyo wangu ulitaka chuo binafsi cha karibu na nyumbani, ila ada yake ingemeza mtaji ambao mama alikuwa akiukusanya upya. Baba mdogo akaniambia, "Mwanangu, elimu hufuatwa."

Nikachagua chuo cha serikali kwa mkopo wa Bodi, nikapanda basi kupitia Iringa. Deni lile nimelilipa, na mama bado anauza mchele. Nawe kabla hujachagua, jiulize: ada yangu itamwacha nani mikono mitupu?