Gari la Kazini, Gari la Mbio

Maisha yangu ya kazi nimeyapitisha chini ya magari ya nchi ya chai: kwanza malori ya kubeba majani mabichi, kisha pikapu za wakulima, na miaka hii ya mwisho Subaru na Toyota za vijana wa Litein, Kapkatet, Sotik na Silibwet. Kuna swali linalonijia kila mwaka, hasa Oktoba bonasi ya chai inapoingia benki. Fundi, nina pesa kiasi hiki, nataka gari la mtumba lenye mbio, niende nalo kazini siku za juma na nishindane nalo wikendi. Ninunue lipi?

Jibu langu lilianzia kwenye malori. Niliingia gereji nikiwa kijana, katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Konoin. Majani chai yakishachunwa hayangoji mtu. Yakishindiliwa kwenye gunia yanaanza kupata joto, yanabadilika rangi kuwa mekundu, na kiwandani hayatoi chai ya maana. Kwa hiyo lori lililokwama nyuma ya Mogogosiek jioni, mvua ikinyesha, lilikuwa linaharibu jasho la familia nyingi kwa mpigo, na sisi mafundi tulilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mzee aliyenifundisha kazi hakunikabidhi injini hata kidogo mwaka ule wa kwanza. Alinianzisha kwenye breki, springi, bushi na matairi. Alisema injini ikilala, lori husimama. Breki zikilala, lori haliwezi kusimama. Asubuhi alikuwa akiinamisha kichwa karibu na injini ambayo haijawashwa, anampa dereva ishara ya mkono awashe, kisha anasikiliza zile sekunde za mwanzo kabla mafuta hayajapanda. Akimaliza kusikiliza alikuwa ameshajua kama lori hilo litarudi jioni.

Mzee huyo ndiye aliyenisimulia habari za Joginder Singh. Wengi humkumbuka kama dereva wa Safari Rali aliyeshinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Hapa kwetu inafaa ikumbukwe zaidi kwamba alizaliwa Kericho, mwaka 1932, na kwamba alikuwa makanika kabla ya kuwa bingwa. Ushindi wake wa 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant, aliupata kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, gari ambalo timu ya kiwanda cha Volvo ilikuwa imelikimbiza kabla yake. Halikuwa gari jipya, wala gari la kutisha kwa nguvu. Alilijua kila msumari, akaliendesha kwa akili katika matope, na wakashinda kwa pengo kubwa. Katika Safari 22 alizoanza, alimaliza 19. Kwa mtu wa gereji, hiyo 19 ni kubwa kuliko vikombe vyote. Wakati ule Safari ilikuwa inavunja magari ya viwanda vikubwa vya Ulaya kabla ya kufika nusu ya njia.

Nilipofungua gereji yangu mwenyewe, katikati ya miaka ya 1990, mitumba ya Japani ilikuwa imeanza kujaa barabarani. Dereva wa rali Patrick Njiru alikuwa ametuonyesha maajabu: mwaka 1993 alimaliza Safari kwa Subaru Vivio, kigari cha injini ya cc 660, akashinda daraja lake, na mwaka uliofuata akashika nafasi ya nne kwa Impreza. Tangu hapo kila kijana alitaka Subaru, na sikuona sababu ya kumzuia. Udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza hata ukitembea kwa miguu, na mvua za Kericho hazina mwezi wa kupumzika. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lina maana kubwa hapa kuliko Nairobi.

Ubishi mkubwa gerejini kwangu ni turbo. Wanaoitetea wana hoja ya kweli. Kericho mjini tuko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Turbo husukuma hewa na kufidia upungufu huo, na kwenye mlima wa kupanda kutoka Kericho kwenda Chepseon tofauti unaihisi mgongoni. Lakini turbo ya mtumba imepitia mikono ya watu. Huko ilikotoka aliyeimiliki huenda aliitunza vizuri. Wa pili hapa nchini akaongeza presha kwa kompyuta. Wa tatu akabadilisha mafuta alipokumbuka. Na wewe wa nne ndiye utakayelipia beringi zitakapoanza kugonga. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo Impreza za zamani wanazozipenda vijana haziji tena na meli. Zilizobaki ni hizi tunazouziana wenyewe kwa wenyewe, na kila moja ina historia yake ya Kikenya.

Binti yangu wa pili ndiye aliyenifanya niyaweke haya yote kwenye mizani kwa gari moja. Alikuwa amepata kazi ya kuwatembelea wakulima wa chai mashambani, akawa amependa mashindano ya autokrosi baada ya kwenda na wenzake kuyatazama Jamhuri Park, Nairobi. Autokrosi ni mchezo mzuri wa kuanzia: kiwanja cha udongo, njia fupi yenye kona nyingi, magari yanashindana na saa. Madaraja yametengwa, kwa hiyo gari dogo halilazimiki kupambana na lenye turbo na magurudumu manne. Alikuwa ameona Impreza ya turbo ikiuzwa Bomet, ya buluu, yenye rimu za dhahabu, na macho yake yalikuwa yameshainunua.

Tulifika kwa muuzaji saa nne. Niliweka kiganja kwenye boneti kabla hata ya kumaliza salamu, nikakuta ni ya moto. Gari lililopashwa joto kabla ya mnunuzi kufika halijaonyesha hali yake. Nikamwomba muuzaji kwa heshima turudi kesho yake alfajiri na asiliwashe kabla hatujafika. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi kali ya Bomet. Binti alipowasha, injini ikagonga, tok tok tok, ikanyamaza mafuta yalipopanda. Nilifungua kifuniko cha mafuta nikanusa petroli. Kwenye tangi la akiba la maji kulikuwa na utando mweusi wa mafuta, na pale silinda hedi inapokutana na bloku kulikuwa na silikoni mbichi iliyopakwa na mtu mwenye haraka. Utando huo na silikoni hiyo ni dalili za gasketi ya hedi iliyoharibika, ugonjwa unaojulikana wa injini hizi za Subaru ambazo silinda zake zimelala ubavuni.

Kisha nikamwonyesha matairi, na hapa naomba kila anayetaka gari la magurudumu manne asikilize. Ya mbele yalikuwa mapya. Ya nyuma yalikuwa yamelika hadi karibu na nyuzi, na ya kampuni nyingine. Tairi lililolika ni dogo kuliko jipya, kwa hiyo mbele na nyuma havizunguki sawa, na difu ya katikati inalazimika kusawazisha tofauti hiyo kila mita ya safari hadi iungue. Nilimwambia akunje usukani wote na aliendeshe taratibu kwenye uwanja mkavu. Gari lilijivuta na kusitasita kama punda aliyefungwa miguu, ilhali lilipaswa kuteleza lenyewe bila gesi. Mwisho nikainua zulia la buti. Juu ya nguzo ya shokabsoba ya nyuma kulikuwa na weldi mpya iliyofunikwa rangi. Injini hununuliwa nyingine. Bodi iliyopinda huwezi kuinyoosha ikawa kama ilivyotoka kiwandani, na bodi ndiyo inayokulinda gari likipinduka.

Tulimshukuru muuzaji tukaondoka. Njiani binti hakusema neno hadi Kaplong.

Gari tulilonunua lilikuwa la mwalimu mmoja wa Sotik aliyekuwa anastaafu. Impreza ya mwaka 1998, lita 2, bila turbo, gia za mkono. Boneti ilikuwa na vishimo vidogo vya mvua ya mawe, jambo la kawaida kwetu, kwani ukanda wa Kericho na Nandi una mvua ya mawe nyingi sana. Rangi ilikuwa imefifia. Lakini mwalimu alitoa daftari la mazoezi, la kurasa za mistari, ambamo alikuwa ameandika kila huduma: tarehe, kilomita, mafuta yaliyowekwa, siku mkanda wa taimingi ulipobadilishwa, jina la duka. Stakabadhi zilibandikwa kwa gundi. Iliwaka baridi ikanguruma bila kugonga. Matairi manne yalikuwa ya aina moja, yamelika sawasawa.

“Baba, hii haina turbo,” binti aliniambia kwa sauti ya chini.

“Haina, mama. Na Jumatatu utafika kazini.”

Tulihakiki rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kuona kwamba namba ya chesisi na ya injini zinalingana na kitabu cha gari, na kwamba hakuna benki wala mkopeshaji aliyeandikwa humo pamoja na mwalimu. Tulihamisha umiliki kwenye eCitizen tukiwa tumeketi naye, kabla ya senti ya mwisho kutoka. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona vijana wakinyang'anywa magari waliyoyalipia, eti kitabu kilikuwa rehani.

Tofauti ya bei kati ya magari yale mawili ndiyo iliyomfanya awe mshindani. Kwa pesa hizo tulibadilisha mabomba ya breki, tukaweka pedi bora na mafuta mapya ya breki, bushi zote, shokabsoba nne, na mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji ingawa daftari lilisema bado. Tukanunua seti ya pili ya matairi ya udongo, kofia ya chuma, na mikanda ya kiti. Nguvu ya injini hatukuigusa. Msimu wa kwanza alijifunza kubana breki kabla ya kona na kuliacha gari litoke lenyewe, na kwenye kiwanja chenye matope aliwapita watu waliokuwa na injini za turbo wakichimba mashimo mahali pamoja. Kila Jumatatu aliliosha, akabadilisha matairi, akaenda Konoin kuonana na wakulima.

Kwa hiyo anayeniuliza leo namjibu hivi. Pesa zako zigawe mafungu matatu. Mawili ni ya gari, la tatu usiliguse mpaka gari liwe nyumbani. Kama unaanza, chukua gari lisilo na turbo, lenye gia za mkono na bodi iliyonyooka, hata kama ni Toyota Starlet. Usinunue mwezi wa bonasi, maana wauzaji nao wanasoma kalenda ya chai na bei hupanda, ngoja Februari. Bima yako ya barabarani haitakulipa kwa ajali ya mashindano, soma karatasi yake vizuri. Na ukishapata leseni ya mashindano kutoka KMSF, shirikisho la michezo ya magari nchini, wakaguzi watakapokukatalia kuanza kwa sababu ya mkanda mbovu, washukuru.

Kuna kazi moja tu niliyowahi kuikataa. Mteja alitaka nimwongezee presha ya turbo, akaniambia atakuwa analijaribu gari usiku kwenye mteremko wa barabara kuu ya kwenda Nakuru. Nilimrudishia funguo. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, barabara hiyohiyo, lori liliacha njia likawaparamia watu waliokuwa wakiuza bidhaa na kusubiri matatu. Zaidi ya 50 walikufa. Lori hilo halikuwa mashindanoni. Lakini aliyesimama kando ya barabara hana kinga dhidi ya chuma kinachokuja kwa kasi, kiwe cha nani.

Vijana hawa hawataacha kupenda magari, na mimi sitaki waache. Tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, wanajaza matatu kwenda Naivasha kutazama. Kiambu wamepata siku ambapo barabara ya lami hufungwa kwa mbio za KiambuRing, na kila dereva hukimbia peke yake akipimwa kwa saa. Sisi wa Kericho na Bomet tunasafiri mbali kutafuta kiwanja, na wasio na nauli wanashindana usiku kwenye barabara ya umma. Naziomba serikali zetu mbili za kaunti zitenge ekari chache za udongo, ziweke ambulensi na uzio wa kuwazuia watazamaji, na ziwaite KMSF waje kusimamia. Ukaguzi wa magari siku hiyo nitaufanya mimi bila malipo.